Rimu Mbili Nyeusi, Mbili za Kijivu

Roberval, 16 Oktoba

Maryse,

Kwa kuwa tangu Sikukuu ya Shukrani hupokei simu yangu, nimeenda kununua stempu. Simu unaweza kunikatia. Barua utaisoma mpaka mwisho, maana tangu utotoni huwezi kuacha kusoma kitu chenye jina lako.

Uliondoka mezani bata mzinga bado anafuka moshi. Watoto wakatoka na mikate mikononi kama watu waliofukuzwa. Mimi nikabaki na pai mbili nzima za bluberi na majirani wanaojifanya hawakusikia kitu. Na kosa langu ni nini? Nilisema kwa sauti jambo ambalo kila aliyekaa pale alikuwa akilifikiria. Nalirudia hapa, ili usije ukasema hukunielewa.

Mwezi wa sita wewe na Sylvain mlitia saini mbele ya mpatanishi wa wazazi walioachana. Nilikuwepo, nilikushikia koti. Mlikubaliana kwamba ikifika tarehe mosi Desemba gari lako halina matairi manne ya theluji, Alexis na Noémie watakaa hapa Roberval kwa baba yao na kusoma hapa hapa, mpaka barabara zikauke. Ya mwaka jana ulisema mwenyewe yamekuwa vipara, ukayatupa. Tuko katikati ya Oktoba na bado unatembelea yale ya misimu yote, ambayo hayafai kwa msimu wowote.

Waache watoto. Ni msimu mmoja tu wa baridi. Sylvain anakaa mitaa minne kutoka kwangu, nitawapikia, nitawafulia, nitampeleka Alexis kwenye hoki. Wewe huko juu kaskazini una nini? Jiko la hospitali, nyumba inayovuja joto, na barabara ya kilomita mia mbili za msitu bila hata mtu wa kukuuzia kahawa.

Ukiona hilo ni gumu, basi njoo nikununulie matairi mapya dukani kwa Gaétan. Manne, ya maana. Lakini nitachagua mimi.

Mama yako,
Huguette


Chibougamau, 22 Oktoba

Mama,

Nimeisoma yote. Usifurahi.

Jibu ni hapana, na ziko mbili. Hapana ya kwanza ni ya watoto. Wana shule hapa, wana vitanda vyao hapa, na wana mama hapa. Hapana ya pili ni ya matairi ya Gaétan. Ukininunulia matairi, kila theluji ikianguka utapiga simu kuuliza matairi yako yanaendeleaje. Nakujua. Ile mashine ya kufulia uliyonipa mpaka leo unaiita mashine yako.

Nitayanunua mwenyewe, na sitanunua mapya. Nimekaa na Louisa Wapachee tukapanga. Louisa ni mwenzangu jikoni, anatoka kijiji cha Oujé-Bougoumou kila asubuhi, theluji au si theluji, na anafika kabla yangu mimi ninayekaa nyuma ya hospitali. Nilipoanza kumwonyesha picha za rimu za kung'aa akaninyang'anya simu.

"Dada wewe, unataka gari lipendeze au lisimame?"

"Vyote viwili."

"Basi nunua farasi."

Mpango wetu ni huu. Matairi ya mtumba, manne yanayofanana, siyo mawili ya mbele tu kama wanavyofanya wabahili wa mtaani kwako. Yaje na rimu zake za chuma, zile nyeusi, mbaya, ambazo hakuna mwizi anayezitamani. Hizi za kung'aa alizozing'ang'ania Sylvain dukani ni namba kumi na saba. Nikishuka kumi na sita, rimu inakuwa ndogo, tairi linakuwa nene, linavumilia mashimo, na bei inapungua. Na kwa kuwa kila tairi litakuwa na rimu yake, kila vuli nitayafunga mwenyewe uani kwangu, bila kupanga foleni kwa fundi na kumlipa kung'oa na kuvisha upya. Nina jeki, nina spana, nina mikono.

Halafu kuna jambo la kunichekesha. Unaniogopesha na barabara hii! Nani alinipitisha mara ya kwanza kama si wewe? Nilikuwa na miaka sita, tunaenda kwa shangazi Colombe, sisi wawili ndani ya ile Chevette ya njano. Tukateleza, tukazama kwenye theluji mpaka madirishani. Wewe ukageuka ukasema, "Haya, sasa tunaimba!" Tukaimba kila wimbo tuliokuwa tunaujua. Ukanivua glavu ukanichezea vidole, unabana kimoja kimoja na mimi nacheka, mpaka likaja lori la magogo likatuvuta. Sijawahi kufurahi kama siku ile. Watu wakiniuliza kwa nini nilihamia huku, ndiyo hadithi ninayowasimulia.

Kwa hiyo usiniambie habari za barabara. Ni yako hiyo, wewe ndiye uliyenipa.

Maryse


Roberval, 2 Novemba

Maryse,

Noémie amenipigia simu. Alikuwa anataka kunieleza habari za jino lake, na katikati ya habari za jino akanieleza mengine.

Theluji ya kwanza, tarehe ishirini na tano. Kona ya ziwa. Gari likazunguka kama sahani, likaingia mtaroni, mkakaa humo mpaka dereva wa greda la kusafisha theluji alipowaona. "Lakini bibi, hatukulia," anasema. Anadhani ananipa moyo.

Hukuniambia. Ungeniambia lini? Mwezi wa nne?

Sitaandika mengi kuhusu hilo. Nitaandika habari za rimu, kwa kuwa umeshaamua kutonisikia kwa mengine yote.

Kushuka namba moja ni akili nzuri. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo kwa kila gari nililowahi kuwa nalo. Lakini lako si kama mengine ya jina lile. Sylvain alichukua lile la mbwembwe, lenye breki kubwa mbele, unakumbuka alivyotusimulia Krismasi nzima? Breki kubwa inataka nafasi. Rimu ndogo itaigusa. Usiangalie jina la gari, usiangalie mwaka. Ng'oa gurudumu la mbele, jaribu rimu pale pale, uizungushe kwa mkono kabla hujamlipa mtu.

Na uangalie ubavuni mwa kila tairi kama pana ule mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani yake. Usipokuwepo, polisi hawalihesabu kama tairi la theluji, na mimi pia silihesabu. Halafu chukua robo dola, ichomeke kati ya kashata za tairi, yule kulungu aliyechorwa juu yake akitanguliza pua. Pua isipozama, tairi hilo ni la kupandia maua.

Waache watoto.

Mama


Chibougamau, 3 Novemba

Mama,

Nimeyapata! Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya mojawapo, barazani, na watoto wamekalia mengine kama viti vya mkutano.

Nimeyachukua kwa mzee mmoja wa Chapais aliyeuza gari lake na kuhamia kwa mwanawe kusini. Gari lake lilikuwa jina lile lile na langu, mwaka ule ule. Rimu za chuma, namba kumi na sita, nyeusi tii. Nilichomeka robo dola kama ulivyonifundisha tangu nikiwa msichana, pua ya kulungu ikamezwa kwenye yote manne. Mlima na theluji yake upo. Yule mzee aliniangalia nimepiga magoti kwenye matope akasema, "Mama yako ni nani?" Nikamwambia ni mtu asiyeaminiwa akiwa amenyamaza. Akacheka, akapunguza bei.

Nitayafunga wiki ijayo nikiwa na siku ya mapumziko. Ona sasa, Novemba ndiyo kwanza inaanza, na binti yako asiyejua kitu ameshamaliza. Mwambie Sylvain akipita. Mwambie asisafishe kile chumba cha watoto, asijisumbue.

Huku kwetu salama kabisa. Theluji ya kwanza imeanguka, watoto wameifurahia.

Maryse


Chibougamau, 12 Novemba

Mama,

Barua zetu zilipishana njiani. Yako ya breki imenikuta nimeshalipa.

Ya nyuma yaliingia vizuri. La mbele nikalipandisha, nikakaza nati, nikalizungusha, likagoma. Nikafungua, nikafuta kutu, nikafunga tena. Limegoma. Rimu imelala juu ya chuma cha breki, hapapiti hata karatasi. Nilikaa kwenye theluji na spana mkononi nikatukana kwa sauti, mpaka jirani akazima redio yake asikie vizuri. Yule mzee wa Chapais ameshahama, nyumba imefungwa. Pesa niliyokuwa nayo ndiyo hiyo iko barazani.

Hayo ningeyamaliza kimyakimya. Nililoandikia barua hii ni lingine.

Jana usiku Sylvain amenipigia. Anajua habari za mtaro. Anajua mpaka kona. Anasema Desemba mosi hatangoja niseme kitu, atakuja kuwachukua na mabegi yao, na kwamba "hata mama yako ananiunga mkono." Noémie hakumwambia, nimemuuliza. Alexis hakumwambia. Anabaki nani?

Ulichukua siku mbaya kuliko zote nilizopata mwaka huu ukaipeleka kwa mtu anayetaka kuninyang'anya wanangu. Sitaki kujua ulisema kwa nia gani.

Usinijibu. Usinitumie pesa. Usimtume Gaétan. Nitayapata matairi hayo hata kama nitayavua kwenye gari la padri, na watoto wangu watalala hapa msimu mzima, na wewe na Sylvain mtakaa Roberval mkipikiana supu.

Maryse


Roberval, 17 Novemba

Maryse,

Umesema nisijibu. Nimejibu.

Ndiyo, nilimwambia. Alinikuta kwenye foleni ya duka la nyama, akaniuliza watoto wanaendeleaje, nikamweleza. Ni baba yao. Akiniuliza tena kesho, nitamweleza tena, na nitamwongezea habari za rimu. Kasirika upendavyo. Nilishakuzaa ukiwa umekasirika, nimezoea.

Lakini kuna kitu uliandika mwezi uliopita ambacho nimekaa nacho kama mwiba. Ile Chevette.

Haukuwa mchezo, Maryse.

Injini ilizimika tulipozama, haikuwaka tena. Ilikuwa Januari na jua lilikuwa linaondoka. Nilikuimbisha ili usilale. Ulikuwa umeanza kulegea kichwa, unaniambia, "Mama, mimi nasinzia kidogo tu," na mimi nilikuwa nimesikia tangu mdogo kwamba mtoto akisinzia kwenye baridi ile haamki tena. Nikakupigia kelele za nyimbo usoni. Nilikuvua glavu nione kama vidole bado vina rangi. Kila nilipobana kimoja na wewe ukacheka, nilijua hicho bado kinasikia, nahamia kingine. Kuna kimoja, kidogo cha mkono wa kushoto, nilikibana hukucheka. Nilikitia mdomoni mwangu. Wewe ukaona hiyo ndiyo raha kuliko zote.

Lori lilipokuja sikuwa na sauti. Wiki nzima niliwaambia watu nina mafua.

Na matairi yalikuwa mazuri. Nataka ulijue hilo pia. Mapya, ya misumari, baba yako aliyachagua kwa fahari. Hayakutusaidia kitu. Tangu siku hiyo matairi yangu nachagua mwenyewe na nafunga mwenyewe, na tangu siku hiyo sijavuka La Doré. Pale nyumba ya mwisho inapokwisha na msitu unapoanza, miguu yangu inakataa. Una nyumba huko miaka saba sasa na sijawahi kuliona jiko lake. Ulidhani ni kiburi. Nilikuacha udhani, kiburi kinaheshimika zaidi.

Sasa unanitaka nikae kimya huku wajukuu wangu wakipita hapo Ijumaa hadi Jumapili, kila wiki mbili, na mtaro umeshawaonja. Sikai kimya. Nakupenda na sikai kimya. Waache watoto. Sikuombi, nakuambia.

Mama yako,
Huguette


Chibougamau, 26 Novemba

Mama,

Nimeisoma barua yako nikiwa kazini, jikoni, na Louisa akadhani kuna mtu amekufa. Akanipokonya kisu.

Sikujua. Nimelia, nakuandikia hivyo bila aibu. Nimekiangalia hiki kidole kidogo cha kushoto mpaka nimekichoka.

Sasa na mimi nikueleze la kwangu. Tarehe ishirini na tano, gari lilipotulia mtaroni, niligeuka nyuma nikawaambia watoto, "Haya, sasa tunaimba!" Nilisema bila kufikiri. Tukaimba. Nikamvua Noémie glavu nikaanza kumbana vidole, kimoja kimoja, na sikujua kwa nini mikono yangu inafanya vile. Nilidhani ninawachezesha kama nilivyochezeshwa. Niliogopa kuliko siku yoyote maishani mwangu, na wao wakakuambia hawakulia.

Kwa hiyo usiniambie sijui barabara hii ni nini. Najua. Naogopa mahali pale pale unapoogopa wewe. Tofauti yetu ni kwamba wewe ulirudi nyumbani ukafunga mlango, na mimi kesho yake nilikwenda kutafuta matairi. Ulinilea nisiogope. Umefanikiwa, sasa vumilia. Huwezi kunilea hivyo halafu uzeeni unidai woga.

La Sylvain bado sijakusamehe. Nitakuambia nikikusamehe.

Habari za rimu. Nilikuwa nalalamika jikoni, Louisa akaacha kumenya viazi.

"Ngoja. Zako ni kumi na sita?"

"Ndiyo."

"Shemeji yangu amenunua gari kama lako, lile la kawaida, breki za watu wa kawaida. Anatafuta kumi na sita. Bandani ana kumi na saba za gari lake la zamani, na matairi yake, amezikalia tangu masika."

"Mbona hukusema?"

"Mbona hukuniambia kama umekwama? Wiki mbili unatembea hapa umenuna kama kiti cha daktari wa meno. Wewe una sufuria ndogo, yeye ana kubwa, mnangoja nini, padri awafungishe?"

Tulibadilishana Jumapili uani kwake, manne kwa manne, bila kuongezeana hata senti. Safari hii sikusikiliza jina la gari wala mwaka. Niling'oa gurudumu la mbele, nikaijaribu rimu mwenyewe, nikaizungusha kwa mkono, nikatega sikio. Kimya. Upande wa pili, kimya. Shemeji yake akasema hata anayenunua farasi haangalii hivyo. Nikachomeka kulungu kwenye matairi yote, pua ikazama. Tukaangalia mlima, upo.

Nakuonya tu kwamba sura hazina. Mbili ni nyeusi, mbili za kijivu, na moja ya hizo za kijivu ina kutu kama ramani. Alexis amesema atashukia kona moja kabla ya shule, asionekane. Nimemwambia atatembea.

Tunashuka Jumamosi, tarehe thelathini, siku moja kabla ya ile yenu. Wikiendi hii ni zamu ya Sylvain, atawachukulia kwako kama kawaida. Mwambie aje na macho yake. Na wewe toka nje na robo dola yako.

Maryse


Roberval, 4 Desemba

Maryse,

Ulipofika Jumamosi ulikuwa umeshikilia mlango wa gari kama mtu anayengoja kupigana. Nilikupa kahawa, ukaingia ndani kujilaza kidogo, ukalala. Kuna mambo hukuyaona. Nayaandika kwa sababu nikikueleza kwa simu utaniringia.

Nilitoka na robo dola. Nilipiga magoti kwenye theluji, na kwa umri wangu huo si mchezo, kuinuka ilibidi Noémie anivute. Pua ilizama kwenye yote manne. Nikatafuta mlima, nikauona. Basi nikachukua spana yangu, maana kila mtu anajua nati zikifungwa upya zinataka kukazwa tena baada ya safari ya kwanza, na kila mtu husahau. Nikasema moyoni, hapa nimempata. Nikakanyaga ya kwanza. Haikusogea. Ya pili haikusogea. Nikazunguka gari zima. Hakuna nati hata moja iliyonisikiliza.

"Mama alisimama La Doré akazikaza," Noémie akasema. "Alikuwa anakusema wewe wakati anakaza."

"Alisema nini?"

"Siwezi kurudia, bibi."

Ndipo Sylvain akaingia na pikapu lake jipya. Akashuka, akaona rimu zako, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Hizi ameziokota wapi, jalalani? Huguette, we mwenyewe umeona. Si ulisema watoto hawako salama?"

"Nilisema. Chukua hii robo dola. Piga magoti."

"Sipigi magoti kwenye theluji na suruali ya kazini."

"Basi nitapiga mimi, nimeshalowa." Nikaenda kwenye pikapu lake. Rimu zinang'aa unaweza kunyolea ndevu. Nikachomeka kulungu, pua yote nje, na kidevu pia. Nikatafuta mlima ubavuni, tairi la kwanza mpaka la nne. "Sylvain, mlima uko wapi?"

"Hayo ni ya misimu yote, ya bei mbaya, Huguette. Sheria ya matairi ya theluji inaanza kesho."

"Na watoto wanatakiwa kurudi hapa kesho jioni. Utawarudisha kwa mkokoteni? Karatasi ile mlitia saini wawili. Nilikushikia na wewe koti."

Akaanza kusema eti karatasi inalitaja gari lako tu. Nikamwambia sawa, twende tukamuulize mpatanishi Jumatatu, wewe ukiwa na matairi yako na yeye akiwa na yake, nami nitakuja na robo dola. Akaangalia zako tena, safari hii bila kucheka. Watoto wakaenda kwake na gari langu, nikiendesha mimi, na Jumapili nikawafuata mwenyewe. Ndiyo maana Jumamosi hiyo uliamka ukakuta uani hakuna mtu na ukapiga kelele. Jana amenipigia. Anasema kile chumba atakifanya cha kuwekea vifaa vyake vya uvuvi. Watoto ni wako msimu huu. Hajasema umeshinda, wala mimi sisemi.

Bado naamini ungewaacha. Nikiulizwa, nitasema hivyo hivyo. Usitafute kwenye barua hii mahali ninapojuta, hapapo.

Lakini Jumapili ulipoondoka nilisimama uani mpaka gari lako likapotea kuelekea kaskazini, na rimu zake, nyeusi mbili na kijivu mbili, na sikuingia ndani kusali kama ninavyofanya siku zote. Nilikuwa nafikiri jiko lako lina rangi gani.

Krismasi hii sitaki mshuke ninyi. Njoo unichukue, tarehe utakayo. Nitaleta pai ya nyama, ile kubwa, tuishike miguuni isimwagike. Nitakaa mbele. Sitakufundisha kuendesha. Tukifika La Doré kwenye nyumba ya mwisho, usisimame, usiniulize kama niko sawa, pita tu.

Na huko msituni ukinisikia nimeanza kuimba, wewe unajua. Usiwaambie watoto. Pokea tu wimbo, na nipe mkono wako wa kulia, ule usioshika usukani.

Mama yako,
Huguette